Gauni la Kwaya la Mama Perez

Mimi nikimtaja Oduor, fundi wa viraka wa hapa Obunga, lazima nicheke. Mdomo ule! Mwaka wa themanini na saba nilikuwa nauza omena, dagaa wa ziwani, kando ya cherehani yake, na hakuna nguo iliyopita mikononi mwake bila kusemwa. Suruali ikija na tundu matakoni, barabara nzima itajua. Lakini viraka vyake, yawa, huvioni hata ukivitafuta.

Jumamosi moja akanijia Mama Perez kutoka Kisian, jasho linamtoka. Gauni lake jeupe la kwaya lilikuwa limechanika kwapani, na kesho yake ndiye angeongoza kwaya mbele ya askofu, mikono juu. La pili hana. "Si umpe Oduor?" nikamwambia. Akanitazama kama nimemtukana. Oduor ndiye aliyemwoa binti yake Aoko, na kwa Wajaluo mkwe hata mkono hampi mama mkwe. Leo ashike nguo ya mwilini mwake? Aibu gani hiyo!

"Basi sema ni lako, Metrine," akaninong'oneza, akajibana nyuma ya magunia yangu.

Nikalipeleka. Oduor akaliinua watu waone. "Metrine, wewe na mbavu zako hizo? Mwenye hili gauni anakula ugali wa kijiji kizima!" Wateja wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana magunia yalikuwa yanatikisika.

Akaligeuza. Pindo lilikuwa limeshonwa kwa mkono, na mkono wa mke wake aliujua. Akatupia magunia jicho. Nikajua atalirudisha, na Mama Perez amekwisha. Kumbe akageuza kiti, akaelekea ukutani, akashona bila neno. Oduor, bila neno! Alipomaliza akalikunja, akaliweka mezani badala ya kunipa mkononi. "Gauni lako liko tayari, Metrine," akasema kwa sauti ndogo, macho chini. Malipo akakataa.

Jumapili nilikwenda kanisani kujionea. Oduor alikuwa benchi la nyuma kabisa, amejikunyata kwa haya. Mama Perez akasimama mbele ya watu, macho yakamtafuta mkwe wake hadi yakampata. Halafu akatabasamu, akainua mikono yote miwili juu kabisa. Oduor akanyanyua kichwa, akaanza kuimba, vibaya sana, lakini kwa nguvu zake zote.