Mgeni Aliyekunywa Uji

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: je, nimwambie nyanya yangu jinsi baba yake alivyokufa, au nimwache aendelee kumchukia? Nililiita swali moja, lakini kila nilipolilalia lilizaa mengine. Nikisema, moyo wake huenda usistahimili. Daktari alishatuonya kuhusu presha yake. Nikinyamaza, atakufa akimlaani mtu ambaye hakumkosea. Na kama nimekosea mimi? Mbaya zaidi, na kama sijakosea?

Mambo yalianza na somo. Ninaishi Nchiru, kwa Wameru, ambako nilisomea chuo na sijahama, na nafundisha historia katika shule moja ya kutwa upande wa Ruiri, kwa mkataba wa muhula, kama wahitimu wengi wanaosubiri ajira ya serikali. Nilikuwa natayarisha Vita vya Pili vya Dunia, upande wa baharini, ambao kitabu cha shule huupita kama mtu anayevuka barabara akikimbia. Mimi siwezi kufundisha kitu kwa kukimbia. Nilianza kusoma kwenye simu, nikashindwa kuacha.

Asubuhi moja Wajapani walizishambulia manowari za Wamarekani katikati ya Pasifiki. Haikuchukua muda, Singapore ikaanguka, Burma ikaanguka, na Waingereza wakaanza kuihofia India. Baada ya hapo ikawa kisiwa baada ya kisiwa. Vijana waliungua ndani ya meli za chuma. Wafungwa walizamishwa na wenzao wenyewe, ambao hawakujua kwamba wamo ndani ya meli wanazozipiga. Akina mama walijirusha kutoka majabalini na watoto wao. Mwisho miji ikachomwa, na mabomu mawili yakamaliza yaliyobaki.

Hayo nilikuwa nikiyajua nusunusu. Nisilolijua ni kwamba bahari hiyo ilitufikia hata sisi wa mlimani. Waingereza walihitaji watu wa kupigana Burma, wakawapakia askari wa Afrika Mashariki Mombasa na kuwapeleka Ceylon, kisiwa cha kusini mwa India. Meli moja ilibeba askari wa mizinga, pamoja na wauguzi na watu wengine. Nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama papo hapo na wengi waliokuwa vyumba vya chini. Wachache waliibuka. Walikuwa wakielea, wakingoja meli za ulinzi ziwaokote, na nyambizi ikajificha chini yao. Ndipo meli ya ulinzi, ya upande wao, ikapita katikati yao ikidondosha mabomu majini ili kuifukuza nyambizi.

Nilisoma sentensi hiyo. Nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikaisoma tena. Ilikuwa vilevile.

Baba yake nyanya alikuwa askari wa mizinga. Alipanda meli Mombasa.

Nyanya, mama yake mama yangu, anaishi juu ya Runyenjes, katikati ya majani chai na mikadamia. Baba yake alipoondoka, yeye alikuwa anatambaa. Vita vilipokwisha, mwenzake baba huyo, mtu wa ng'ambo ya mto, alirudi na kuja nyumbani kwao. Kama serikali ya mkoloni iliwahi kutuma taarifa yoyote, kwetu haikufika. Aliyefika ni mtu huyu. Sasa, katika ukoo wetu, aliyebeba habari za kifo hali wala hanywi katika nyumba hiyo kabla ya kuzisema. Husimama, husema, ndipo huketi. Mgeni huyu aliketi. Akapewa kibuyu cha uji uliochachuka, akanywa mpaka mwisho, akauliza hali ya mbuzi, akaenda zake.

Mama yake nyanya alifurahi siku hiyo; uji ulionywewa ulikuwa jibu tosha. Mume wake yu hai! Miezi ikapita, furaha ikageuka. Mwanamume aliye hai na harudi ana nyumba nyingine. Kijiji kizima kilikubaliana hivyo, na nyanya alikua akiimbiwa na watoto wenzake kwamba baba yake anakula samaki Mombasa, tusi zito kwa watu wa mlimani, ambao enzi hizo hawakula samaki. Alipojaliwa mtoto wa pili wa kiume, ambaye kwa mila yetu angepewa jina la baba wa mama, alikataa. Alimpa jina la kaka ya mama yake. Mtoto huyo ndiye mjomba wangu, mwenye bucha sokoni.

Kabla ya kumwendea yeyote wa nyumbani, nilitaka kuwa na hakika. Nilisafiri hadi Runyenjes, nikavuka mto, nikamkuta mtoto wa yule mgeni, mzee sasa, akipogoa kahawa.

"Wewe ni wa nyumba gani?"

Nikamwambia: mjukuu wa binti ya yule aliyekwenda vitani na baba yake.

Aliweka panga chini. "Mmekawia."

"Kumbe mlijua? Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Baba mwenyewe alisema akiwa anakata roho. Niende kwa nyanya yako nimwambie pole, habari ilichelewa kidogo, miaka hamsini hivi?"

Alinieleza alivyoelezwa. Baba yake alikuwa kwenye meli nyingine ya msafara uleule. Aliiona ya wenzake ikivunjika na kutoweka kabla mtu hajafungua kamba za viatu. Aliona vichwa juu ya maji. Aliiona meli ya ulinzi ikipita palepale penye vichwa. Kisha wakubwa wakawaamuru wasizungumze.

"Na ule uji?" nikauliza.

"Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Mama wa watu akamtia kibuyu mkononi hata salamu hazijaisha, na katoto kamemshika goti kanamtazama. Njaa ikamshinda. Alipomaliza, mdomo ukakataa. Ungekuwa wewe ungesema? Umeshakunywa uji wa mjane, useme?"

Niliketi kwenye udongo. Maisha mazima ya nyanya, na ya mama yake kabla yake, yalikuwa yamejengwa juu ya kibuyu kimoja cha uji.

Nilipita kwa mjomba. Alinisikiliza akikata mbavu, kisu hakikupumzika.

"Mwalimu, unataka kumuua mama na historia?"

"Mjomba, hii si historia. Ni baba yake."

"Baba yake alikufa zamani, huku au kule. Ama chuoni mlifundishwa kufukua watu?"

"Huyu hana hata mahali pa kufukuliwa."

Kisu kilisimama. Mteja aliyekuwa akingoja alijifanya anasoma kalenda ukutani. Mjomba akafunga matumbo kwenye gazeti, akanisukumia. "Mpelekee. Na hicho kinywa chako leo kiwe cha kula tu."

Nilitembea nikiwa nimeamua kunyamaza. Kufika langoni nilikuwa nimeamua kusema. Nilipomwona ameketi juani akichagua maharagwe, sikuwa na uamuzi wowote.

"Mume wangu amekuja!" Ndivyo anavyoniita siku zote. "Mbona umekonda? Hawa Wameru hawakulishi?"

"Wananilisha, shosho."

"Basi yuko wapi huyo bibi mdogo wa kunisaidia kuchuma majani chai?"

Nilicheka vibaya. Nikamuuliza kama amemeza dawa. Amemeza. Nikamuuliza kama jua halimchomi. Nikamuuliza kama amelala vizuri.

"Wewe ni daktari sasa? Sema kitu ulichokuja nacho. Unatafuna kucha kama mama yako."

"Shosho, yule mgeni aliyekunywa uji…"

Mikono yake ilitulia ndani ya ungo. Nikaanza. Nilimwambia kuhusu safari ya Ceylon, meli kupigwa, wachache walioibuka, na kwa nini mgeni alishindwa kusema.

"Kwa hiyo hakuoa mwingine," alisema baadaye.

"Hakuoa."

"Hakufika kokote."

"Hakufika."

Alitoa kijiwe ndani ya maharagwe. "Nilimshika goti yule mtu. Goti lake lilikuwa linacheza. Nilidhani anafanya mchezo na mimi." Kisha: "Baba alijua kuogelea?"

"Sijui, shosho. Wengi hawakujua."

"Nani angemfundisha hapa?" Akavuta pumzi. "Na walioibuka? Waliokotwa?"

Nilikuwa nimejiandalia sentensi ya kuishia hapo: wachache waliokolewa. Ni kweli, na inatosha. Sijui hata kama baba yake aliibuka au alibaki chini na wenzake, hakuna anayejua. Nilifungua kinywa niitoe.

"Usinipe nusu," alisema. "Nusu nimekaa nayo tangu nikiwa mtoto."

Nikasogeza ungo pembeni, nikamshika mkono pale mapigo yanaposikika, nikamwambia yote kwa Kiembu, polepole, bila kuruka: nyambizi iliyojificha chini yao, meli ya upande wao iliyokuja, na mabomu.