Awamu ya Nne

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Kibomet, Kitale, watu wananijua kwa kibaraza changu, ninapotengenezea redio na pasi za umeme. Jirani yangu hupenda kusema kwamba hata kuku wangu wamesafiri kunizidi, maana wao angalau hupelekwa soko la Kachibora. Sibishani naye. Nimesoma hadi kidato cha nne, ramani ya dunia naijua vizuri, ila sijaona sababu ya kuihangaikia kwa miguu.

Kwa hivyo alishangaa nilipomwambia ninaenda Bungoma kutoa maoni. Wananchi wa pande zote mbili, Kitale na Bungoma, walikuwa wameitwa kwenye ukumbi mmoja huko kuujadili mpango mkubwa wa usafiri: mabasi yanayoondoka kwa saa iliyopangwa, reli kufufuliwa, vituo vyenye paa na choo, na magari madogo ya kuwatoa watu wa Saboti na Kachibora hadi barabara kuu.

Nilikuwa na sababu yangu. Mama yetu anaishi Bungoma kwa dada yangu mkubwa tangu magoti yake yalipogoma. Dada ndiye anayemwogesha, ndiye anayempeleka kliniki, ndiye anayeamka akiitwa. Mimi hupiga simu. Kila aliponiuliza zamu yangu ya kumtunza Mama itaanza lini, nilimjibu kwa habari za barabara: gari linangoja lijae, Mama hawezi kukaa saa mbili amekunja magoti, na mimi mwenyewe nikija kazi inalala. Wacha usafiri utengenezwe kwanza, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia. Nilisema hivyo kwa muda mrefu hadi nikaanza kuyaamini maneno yangu mwenyewe.

Nilimkuta dada mlangoni pa ukumbi. Mama alikuwa amemwacha nyumbani na jirani. Dada alikuwa amevaa sweta ndani nje, mishono yote inaonekana, na hakujua. Sikumwambia. Niliogopa angeniuliza tangu lini nimeanza kumwangalia.

Ofisa alituonyesha picha ukutani. Mabasi ya kwenye picha yalikuwa safi sana na abiria wote walikuwa wanatabasamu. Mwendesha bodaboda mmoja aliuliza wao watakula nini vituo vikijengwa. Mwanamke mmoja muuza mahindi ya kuchemsha aliuliza kama ataruhusiwa kuingia na beseni lake. Wote wawili waliambiwa jambo hilo litaangaliwa. Hapo nikachoka kidogo, kwa sababu nimewahi kuliona basi la umma limewekwa juu ya mawe, magurudumu yamekwenda zake, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Kununua basi si kazi. Kazi ni mwaka wa pili.

Hata hivyo, ukiniuliza, hilo jambo moja la basi kuondoka kwa saa yake, lijae lisijae, lingenitosha. Mtu wa magoti mabovu angejua atakaa muda gani. Reli na vyoo wangeweza kubaki navyo kwanza.

Tukapewa fomu. Swali la kwanza: husafiri mara ngapi kati ya Kitale na Bungoma? Mzee aliyeketi kando yangu alininong'oneza kwamba tukiandika mara chache watasema hakuna abiria. Nikaona ana akili. Nikaandika: kila wiki.

Dada alikuwa anasoma begani kwangu.

"Kila wiki," akasema polepole. "Na huwa unalala wapi, bana? Kwangu hatujakuona tangu Krismasi."

Yule mzee akacheka akiiangalia fomu yake. Nilijitetea kwamba nausaidia mpango. Dada akasema ati basi niusaidie kwa kuandika pia kwamba nina mabawa.

Ofisa akafikia awamu. Ya kwanza ni barabara za ndani ya miji. Ya pili sikuisikia vizuri, ya tatu ni vituo. Njia ya Kitale na Bungoma iko kwenye awamu ya nne. Mtu akauliza ni mwaka gani huo. Akajibiwa itategemea fedha.

Dada hakunigeukia. Alisema kama mtu anayetoa habari kwamba chumvi imeisha:

"Mama hana awamu ya nne."

Mfukoni nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili juu ya haki za wasafiri. Kipaza sauti kiliponifikia niliiacha ilale humo. Nilisema nauunga mkono mpango, mabasi yaheshimu saa, na njia yetu isogezwe mbele kwa sababu kuna watu hawawezi kungoja. Ofisa alinishukuru. Nikakata "kila wiki", nikaandika "mara moja kwa mwaka". Labda niliuharibu mpango siku hiyo, sijui.

Nje nilimuuliza dada kliniki ni lini.

"Jumanne."

"Nitakaa. Nitampeleka mimi. Na ya mwezi ujao nitakuja pia."

Akanitazama kama anayetazama noti asiyoiamini. Aliuliza redio za watu je. Nikamwambia zimenyamaza tangu mwaka jana, zimeshazoea. Akauliza mkoba wangu uko wapi. Sikuwa na mkoba.

"Basi utavaa suruali za shemeji yako," akasema. "Uzishike kwa mkono, wewe huna tumbo."

Tulimkuta Mama kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alichukua muda kuhakikisha ni mimi. Akauliza kama mpango umepita.

"Bado, Mama. Labda baada ya miaka."

"Sasa wewe umefikaje?"

Dada alikimbilia jikoni, nikamsikia anacheka peke yake huko, kisha nisimsikie tena. Nilipomfuata kuuliza maji ya kuoga ya Mama huchemshwa kwenye sufuria gani, nilimkuta amelala kwenye stuli, kichwa ukutani, viatu bado miguuni. Ilikuwa saa kumi ya jioni. Nikazichungulia sufuria, nikachagua ile kubwa.