Mstari wa Meno ya Msumeno

Kazini wananiita Mama Yaishe. Miaka kumi na miwili niko ofisi ya ustawi wa jamii, chumba namba tisa: meza moja na viti vitatu, kimoja kimevunjika mguu kwa hiyo hakikaliwi ila na mafaili. Mume na mke wanaingia wamenuniana, kila mmoja na lake moyoni. Nawasikiliza, nawauliza, mwisho nawaambia, "Basi, yaishe." Mara nyingi yanaisha. Lakini mwaka juzi mwanamke mmoja niliyemwambia yaishe alirudi mkono umefungwa bandeji, na tangu siku hiyo neno lenyewe linanikwama kooni.

Ndiyo maana nikaamua kusoma shahada ya uzamili ya ushauri wa ndoa na familia. Nimeomba mara mbili, mara mbili nimekwama: mara ya kwanza cheti kilichelewa, mara ya pili bosi alikalia barua yangu ya mapendekezo mpaka dirisha likafungwa. Safari hii ndiyo ya mwisho. Ofisi haitoi ruhusa ya masomo kwa aliyevuka miaka arobaini na mitano, na mimi naivuka mwaka huu. Nikikosa sasa, nimekosa moja kwa moja.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Kumi nilizimaliza kwa siku mbili. Ya kumi na moja ilinitoa jasho! Walitaka mchoro wa familia yako, vizazi vitatu. Mwanamume mraba, mwanamke duara. Wanaoelewana unawaunganisha kwa mistari miwili iliyonyooka. Waliogombana unawachorea mstari wa kupanda na kushuka, kama meno ya msumeno. Halafu kila mtu mzima aliye hai atie saini kwamba ameuona mchoro na ameuridhia. Anayetaka kuingia nyumba za watu, waliandika, aanzie kwao.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nikachukua kalamu na rula, nikaingia katikati yao. Akili yangu hiyo!

Mama na Mama Mdogo ni tumbo moja, na hawajasemezana miaka kumi na moja. Bibi alipougua, Mama Mdogo ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani miaka miwili mizima. Siku ya mazishi Mama akasoma wasifu wa marehemu, alioandika mwenyewe. Akamshukuru daktari, akawashukuru majirani, hata dereva wa gari la wagonjwa hakuachwa. Mdogo wake hakutajwa. Mama anasema alisahau. Mama Mdogo anasema mtu hawezi kumkumbuka dereva akamsahau ndugu yake.

Wengine walisaini bila neno, wakabaki hao wawili; nilianza kwa Mama. Ni fundi cherehani mstaafu, na mchoro wangu aliukagua kama anakagua pindo.

"Huyu mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na huyu mama yako mdogo. Haya meno katikati ya nini?"

Nikamweleza. Akavua miwani.

"Sisi hatujagombana. Hatuongei tu. Futa, nikusainie."

"Mama, miaka kumi na moja bila salamu ndio ugomvi wenyewe!"

"Mwanangu, umesoma, hongera. Lakini mambo ya ndani hayaanikwi kwa walimu. Futa."

Nikaenda kwa Mama Mdogo, kwenye kibanda chake cha fotokopi. Akaupokea mchoro, akautazama mpaka mteja mmoja akakata tamaa akaondoka. Kisha akasaini papo hapo.

"Mama Mdogo, na kama nikiufuta huu mstari? Mama ndivyo anavyotaka."

"Ukiufuta, na saini yangu nafuta. Alishanifuta kwenye karatasi mara moja, tena mbele za watu. Mara ya pili hanifuti."

Haya, nifanyeje? Wiki ile nilikwenda na kurudi mara tano. Nilibembeleza, nikaeleza mpaka povu likanitoka. Mama: futa. Mama Mdogo: usithubutu. Mimi ninayewapatanisha watu baki kila siku ya kazi, kwetu nimegeuzwa tarishi. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mganga hajigangi," akasema. "Chora miwili, mke wangu. Mama asaini ule msafi, mwenzake ameshasaini wa meno. Ukifika mbele huko unaziunganisha saini."

Nilimwambia aache upuuzi wake. Halafu nikauchora. Sitaficha, niliuchora, tena kwa rula.

Ijumaa, siku ya mwisho, saa nne asubuhi nilikuwa sebuleni kwa Mama. Wa meno nimeuficha kwenye mkoba, msafi nimeuweka mezani. Akaridhika. Akachukua kalamu yake ya bluu, akaishika hewani.

"Na yeye amesaini huuhuu?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Ndiyo ikagoma kutoka. Kilichotoka ni moto.

"Hapana! Amesaini wa meno, kwa sababu ndio wa kweli! Wewe ndiye uliyemsahau, wewe ndiye usiyetaka kumwomba radhi, na anayeumia ni mimi! Watu nisiowajua wananisikiliza, wewe mama yangu mzazi hunisikilizi! Nimechoka!"

Nikauchomoa ule wa meno nikaubwaga juu ya meza. Sijawahi kumpigia Mama kelele namna ile. Na hasira haikupungua hata kidogo.

Mama akauvuta ule wa meno karibu yake. Akavaa miwani, akaanza kuusoma upya. Kidole chake kikapita kwenye yale meno bila kusimama, kikashuka kutoka duara lake mpaka langu.

"Hapa umetuchorea mistari miwili iliyonyooka. Mimi na wewe."

"Ndiyo."

"Mara ya mwisho kuja kwangu bila karatasi ilikuwa lini?"

Nikatafuta tarehe. Wiki hii nimekuja mara tano, zote na mchoro. Kabla yake nilileta barua ya daktari wake, akaisaini nikaondoka. Kabla yake tena, fomu ya bima. Ya kuja mikono mitupu sikuipata.

Mama akainama. Mkono ulioshona maisha yake yote hautetemeki. Katikati ya mistari yangu miwili akashusha wa tatu, wa bluu, meno madogo yaliyolingana, kutoka kwake mpaka kwangu. Akasaini chini yake.

"Sasa ndio wa kweli," akasema. "Na wa mama yako mdogo uache ulivyo. Nenda, utachelewa."

Nilifika chuoni saa tisa na dakika arobaini, dirisha linafungwa saa kumi. Karani akahesabu kurasa, akahesabu saini, akafika kwenye mchoro, akakunja uso. Nikajisemea, Mungu wangu, imekula kwangu.

"Mistari yote ni myeusi. Huu wa bluu?"

"Mama yangu ndiye aliyeuchora."

"Umechorwa kwa makosa, au ndivyo ulivyo? Kama ni makosa, andika pembeni kwamba usihesabiwe, nitaupokea hivyohivyo. Nikishagonga muhuri haubadilishwi."

Akanisogezea kalamu. Ilikuwa kazi ya maneno mawili tu.

"Ndivyo ulivyo," nikamwambia. "Gonga."

Akagonga, akaniambia nisubiri majibu baada ya miezi miwili. Nikatoka. Hasira bado ninayo, na nitaanzaje kumwomba Mama radhi sijui. Stendi niliupita upande wa magari ya kwenda kwangu, nikapanda la kwenda kwa Mama, mkononi sina karatasi.