Jino la Kulia

Nyirabagenzi alibakiwa na magego mawili tu, moja huku na jingine huku, na kupoteza hata moja hakutaka kusikia. Mwaka ule wa hamsini na tano, daktari wa meno alipopita kwenye dispanseri ya barabara ya ziwani, mama huyo alishuka kwa miguu kutoka kwao Kibabi akamwambia wazi: "Munganga, usiyangoe. Uyatengeneze tu."

Daktari yule Mzungu akachimba, akaziba. Gego moja akalimaliza kwa madini. Alipofika la pili madini yakamwishia, akalijaza dawa nyeupe ya muda, akaahidi kurudi baada ya mavuno. Muuguzi Hilaire, mtu wa mbali mwenye Kiswahili cha vitabuni, akamtafsiria: "Mama, la kulia bado halijakamilika. Usilitafunie kabisa. Likivunjika, litang'olewa."

La kulia! Kwao Nyirabagenzi mkono wa jembe ni wa kuume. Kulia ni kulia chakula, basi, na chakula alikitafunia kushoto tangu meno yaanze kumsumbua. Kwa hiyo alielewa kwamba la kulia ni lile la kushoto. Mdomo wenyewe ulikuwa umekufa ganzi kwa sindano, haukuweza kumkosoa.

Nyumbani akamwita Généreuse, mke wa mwanawe Narcisse, amchungulie. "Ya kushoto inangaa sawa bati, Mama. Ya kuume iko nyeupe." Haya, ushahidi gani tena? Jino ni jeupe, kwa hiyo jeupe ndilo lililokwisha. Hiki cha bati ni kiraka.

Taabu ikaanza. Upande wa kushoto hata uji haukupita. Akinywa maziwa alilaza kichwa kuume, na mumewe Mbonigaba akapata la kusema: "Mama Narcisse, nani anakuongelesha mu bega?"

"Unyamaze, Papa Narcisse! Ungekuwa na meno mbili, ungecheka?"

Upande wa kuume nao ulimuuma kila akinywa maji ya baridi. Akavumilia, jino jipya, alijiambia, linazoea kazi. Maharage yakavunwa, mtama ukavunwa, daktari haonekani. Nyirabagenzi akamlaani asubuhi na jioni. Mtu anakufungia nusu ya mdomo halafu anapotea! Alikonda. Siku ya ubatizo wa mjukuu wake watu walikula nyama, yeye akaitafuna kuume polepole kama anayeiba. Baada ya hapo, akila maharage, akatema kitu kigumu cheupe, akamgombeza Généreuse kwa kutochagua mawe.

Hatimaye habari ikafika kwamba daktari amerudi. Nyirabagenzi akateremka mbio, akakaa kwenye kiti, akafumbua kinywa kwa majivuno. Daktari akatazama, akatikisa kichwa, akachukua koleo.

"Mama," Hilaire akasema kwa huzuni, "si nilikuambia uchunge la kulia?"

"Na njo hili hapa!" Akaligonga lile la kushoto kwa kidole. "Sikuligusa hata na ulimi!"

Hilaire akamshika mkono wa kuume, akauinua. "Kulia ni huku, Mama."

"Huko ni kuume!" Nyirabagenzi akapiga kelele hadi wagonjwa wa nje wakasimama. "Kuume! Kulia ni kula! Nani alikufundisha kuita mukono chakula?"

Hasira ile haikuziba gego lililopasuka hadi mzizi, likang'olewa.

Njiani akamkuta mama anayeuza miwa, akanunua kipande. Pamba ingali imejaa kuume, akapeleka muwa kushoto, kwenye bati, akauma kwa nguvu zote, liwe liwalo. Muwa ukapasuka vizuri. Gego halikuuma hata kidogo. Lilikuwa zima tangu siku ile ya kwanza, na yeye alikuwa amelinyima chakula msimu mzima. Akasimama katikati ya barabara, utamu umemjaa mdomoni, machozi yakamtoka kwa uchungu wa bure.