Brashi ya Mgeni

Rafiki yangu, juzi dukani Bukoba niliona brashi mbili za kunyolea ndevu, moja ya manyoya ya nguruwe na moja ya nyegere, nikaona aibu upya.

Kwetu Nshamba, tata, baba yangu, alikuwa nazo zote. Ile laini ya nyegere ilikuwa ya wageni, yeye alitumia ya nguruwe. Nilidhani anateseka na ile ngumu. Mchana mmoja mzee wa kanisa aliyetutembelea akaomba kunyoa kabla ya ibada. Nikaificha ile laini ili ibaki ya tata, nikampa mgeni ya nguruwe, kavu.

“Waitu, jamani binti, hii si ya viatu?” akacheka, shavu limekwaruzwa.

Tata aliinama kwa aibu.

Kumbe ya nguruwe ikilowekwa hulainika, na povu lake linanukia vilevile kama la ile laini. Tata hakuteseka kamwe, nilimwaibisha bure. Ukimwona mtoto anayempenda baba yake hivyo, msimulie haya.