Filamu Mpya Ilivyoniumbua Mbele ya Mke Wangu

Mnicheke tu. Juzi nilisimama mbele ya skrini kwenye banda la video hapa Nyarugusu, nikaapa hatoki mtu. Ile filamu ya vita ya utotoni mwetu wameirudia, wakaiharibu! Askari anafika kwa mama mmoja mwenye binti, anakunywa maji, anaondoka. Kwenye ile ya zamani alisema, “Mama, nipe binti yako, nitamtunza kama dhahabu.”

“Rudisheni yale maneno!” nilifoka, nikimnyooshea kidole mke wangu aliyekaa kwenye benchi. “Ndiyo niliyomwambia mama yake, nikampata huyu!”

Baba Neema, mwenye banda, ndiye aliyetutafsiria ile ya zamani kwa sauti yake. Akachukua kipaza sauti.

“Kijana, hata zamani aliomba maji tu. Ya posa nilitunga mimi.”

Banda zima likageuka kumtazama mke wangu.