Ng'ombe wa Ndabibi na Ratiba ya Nakuru

Kilichonitoa nyumbani ni barua. Mwanangu Wafula alifundisha timu ya karakana ya reli hapa Nakuru mpaka ikabeba kikombe mara mbili, ndipo mzungu mwenye shamba la maziwa huko Ndabibi akamchukua afundishe timu yake. Sasa anaandika: mama, warudishie reli nyumba yao ya laini, mlete mke wangu na watoto, na usisahau ile ratiba ya mazoezi iliyobandikwa mlangoni. Nikamwambia Nekesa, mke wake, asifunge hata kijiko. Nyumba ya laini ukiirudisha, hupewi tena. Nitangulie nione kama huyo kochi atadumu huko.

Ijumaa asubuhi nikapanda treni, daraja la tatu. Gilgil baridi ikaniingia mifupani. Naivasha nikakuta lori la shamba limeleta maziwa.

"Wewe ndiye mama wa kochi?" dereva akauliza. "Panda. Mtoto wako anajua mpira, lakini hatujashinda hata mechi moja. Jumapili tukifungwa tena, bwana anamfukuza."

Hilo barua haikusema.

Saa kumi kasoro nikafika uwanjani. Wafula alikuwa anapuliza filimbi, vijana wanapasha mwili moto, wanakimbia kama wagonjwa. Mara kengele ikalia zizini. Wachezaji wanane wakaondoka, wakamwacha na mpira mkononi.

"Rudini! Nakuru saa kumi ndiyo tulikuwa tunaanza!"

Kiptoo, golikipa, akageuka. "Nakuru mlikuwa mnakamua nini, kochi? Treni?"

Jioni nikamkalisha chini.

"Mama, watu hawa ni wavivu."

"Mvivu gani anaamka saa tisa usiku kukamua? Kule king'ora cha saa kumi kiliwatoa watu kazini. Hapa kengele ya saa kumi inawaita kazini. Umewauliza wanapumzika saa ngapi?"

"Kochi haulizi wachezaji."

"Basi endelea kufundisha ng'ombe."

Akanuna, akaacha ugali wangu kwenye sahani. Nilichoka naye kabisa. Mtu mzima, vikombe viwili, na hajui kuuliza saa.

Jumamosi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu. Nikamkuta zizini, suruali imejaa mavi ya ng'ombe, amekaa chini ya ng'ombe mwekundu. Kiptoo alikuwa anamsimamia.

"Polepole, kochi. Hiyo ni chuchu, si filimbi."

Wengine wakacheka, na yeye akacheka. Kisha nikamsikia akiuliza, kwa sauti ndogo, wanapumzika lini. Saa nne, wakamwambia, ng'ombe wakishaenda malishoni. Saa nne hiyo walifanya mazoezi, wote kumi na mmoja, na hakuna aliyeondoka.

Jumapili mechi ikawekwa saa saba, iishe kabla ya kengele. Walicheza na shamba jirani lililowahi kuwafunga matano. Wakatoka mbili kwa mbili. Bwana akamwambia Wafula abaki. Kengele ilipolia Wafula alikuwa wa kwanza kushika ndoo, hata kuniaga hakuniaga vizuri.

Jumatatu nikarudi. Nekesa alinisubiri mlangoni.

"Mama, kochi wa Nakuru ataweza Ndabibi?"

"Ataweza, akiacha kuwa wa Nakuru. Funga vyombo."

Akanyoosha mkono kuibandua ratiba.

"Hiyo niachie," nikamwambia. "Nataka kuwasha jiko."